Chuma kinabeba MPa 200 maabara, kwa nini jedwali linaruhusu 60?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kituo cha umeme wa mvuke, na jioni nasoma uhandisi mitambo. Mabomba yetu makuu ya mvuke ni ya chuma chenye kromi asilimia 9 na molibdeni asilimia 1, na yanafanya kazi kwenye nyuzi 600 za Selsiasi. Chuoni tulivuta kipande cha chuma hichohicho kikiwa na joto hilo, kikaanza kurefuka bila kurudi kwenye karibu megapaskali (MPa) 200. Jedwali la usanifu linaniruhusu sitini na kitu tu. Nani amekula hizo nyingine? Halafu bledi za turbini ya gesi, zenye joto kali kuliko letu, zinaponaje? La mwisho: bomba letu limepita saa 100,000, na mkubwa wangu anasema lazima litolewe. Ni kweli?

Jibu: Marahaba kijana. Zimeliwa na muda. Jaribio lenu lilichukua dakika chache, bomba linatakiwa likae miaka. Kwa chuma baridi tofauti hiyo haina uzito: ukikitundikia mzigo ulio chini ya kikomo chake, kinarefuka kidogo papo hapo, kinatulia, na ukirudi baada ya miaka 10 utakikuta vilevile. Kwenye nyuzi 600 hakitulii. Mzigo ni uleule, haujaongezwa hata gramu, lakini chuma kinaendelea kurefuka kidogokidogo, usiku na mchana, hadi kinakatika. Huo ndio mtambao, au kripu kama wengi wanavyouita.

Kwa chuma chenu, mkazo (nguvu kwa kila kipande cha eneo) unaokikata baada ya saa 100,000, yaani zaidi kidogo ya miaka 11 bila kuzima, ni karibu MPa 90 kwa wastani. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, zinachukua asilimia 67 ya wastani huo, au asilimia 80 ya kiwango cha chini kabisa cha matokeo, kati ya hizo mbili ile iliyo ndogo. Hapo ndipo sitini na kitu yako inapotoka. Kwa hiyo mtu akikuambia aloi fulani ina nguvu ya MPa kadhaa kwenye joto kali, muulize: kwa saa ngapi? Asipokuwa na jibu, hiyo namba haikufai kwa bomba.

Sasa, joto kali ni lipi? Hapa Selsiasi inatupotosha. Chukua halijoto ya kazi kwa kelvini, igawe kwa halijoto ya kuyeyuka, nayo kwa kelvini. Matokeo yakikaribia 0.4, anza kuhesabu mtambao. Chuma kinayeyuka kwenye takriban kelvini 1,770. Nyuzi 600 ni kelvini 873. Uwiano ni 0.49. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, sawa na kelvini 600. Ikiwa juu ya meza kwenye nyuzi 20, uwiano wake ni 0.49 pia. Yaani bomba lenu la mvuke, kwa macho ya atomu zake, lipo katika hali ileile ya kipande cha risasi kilicholala mezani. Bati za risasi zilizoezekwa kwenye makanisa makongwe ya Ulaya zimeshuka na kukunjamana kwa uzito wao wenyewe, bila moto wowote. Mwanafizikia Mwingereza Andrade, aliyechapisha majaribio yake ya mtambao mwaka 1910, alining'iniza nyaya za risasi kwenye joto la kawaida la chumba. Hakuhitaji tanuri.

Kinachotokea ndani ni hiki. Metali ni fuwele, atomu zimepangwa safu juu ya safu, na ili kipande kibadilike umbo lazima safu ziteleze. Safu nzima haiwezi kuteleza kwa mkupuo, nguvu ingehitajika kubwa mno. Ila ndani ya fuwele kuna kasoro za mstari ziitwazo dislokesheni, mahali ambapo safu moja imeishia katikati ya nyingine. Kasoro hiyo ndiyo inayosafiri, atomu moja baada ya nyingine, kama jongoo anavyosogeza mwili kwa wimbi la miguu michache bila kuinua yote kwa pamoja. Kazi ya mtengenezaji wa aloi ni kuiwekea vizuizi njiani. Chuma chenu kimeundwa na fuwele ndogondogo ziitwazo punje; kina kabidi za kromi (kromi iliyoungana na kaboni) kwenye mipaka ya punje, na ndani ya punje kuna chembe ndogo mno za vanadi na niobi zilizoungana na kaboni na nitrojeni.

Kwenye baridi, dislokesheni ikigonga kizuizi imekwama. Kwenye joto ina njia ya pili: inapanda. Fuwele yenye joto ina nafasi tupu, vituo ambavyo atomu ilipaswa kuwepo na haipo, na nafasi hizo zinahamahama bila kupumzika. Ikifika moja kwenye ukingo wa dislokesheni, ukingo unapanda safu moja. Zikifika za kutosha, dislokesheni inakuwa juu ya kizuizi, inateleza hadi kinachofuata, inasubiri tena. Kasi ya kurefuka inaamuliwa na kule kusubiri. Ndiyo maana nishati inayohitajika kuuendesha mtambao wa metali safi inakaribiana sana na ile ya atomu kuhama ndani ya metali hiyo: kwa kiasi kikubwa ni tukio lilelile.

Ipo njia nyingine isiyohitaji dislokesheni kabisa. Mzigo ukiwa mdogo na joto likiwa juu, atomu zinaondoka kwenye pande za punje zinazobanwa na kwenda kukaa kwenye pande zinazovutwa, na punje inarefuka. Zikipita katikati ya punje, kasi inategemea kinyume cha kipenyo cha punje kikiwa kwenye kipeo cha 2. Zikipita mipakani, kipeo ni cha 3. Hesabu mwenyewe: punje zikiwa nusu ya ukubwa, mtambao wa mipakani unakwenda mara 8 zaidi. Chuoni mmefundishwa kwamba punje ndogo zinaimarisha chuma, na ni kweli kwenye baridi. Kwenye joto kali zinageuka kuwa barabara za atomu.

Grafu ya mtambao mmeiona: mwanzo kasi ni kubwa kisha inapungua, inafuata sehemu ndefu ya kasi ndogo, halafu inapaa hadi kukatika. Sitakaa hapo, ila nakuomba usiiamini sana ile sehemu ya kati wanayoiita tulivu. Kwenye vyuma kama chenu chembe zinazozuia zinanenepa, au zinayeyuka na kuzaa nyingine zisizo na faida. Baadhi ya vyuma vya kromi asilimia 11 na 12 vilionekana bora sana kwenye majaribio ya maelfu machache ya saa, na watu wakaurefusha mstari wa grafu kwa rula hadi saa 100,000. Baada ya makumi elfu ya saa chembe nzuri za nitridi (zile zenye nitrojeni) zikaanza kuliwa na chembe kubwa za aina nyingine, iitwayo fezi Z, na nguvu ikaporomoka chini ya mstari wa rula. Makadirio yakalazimika kushushwa.

Kukatika kwenyewe ndiko kunakopaswa kukunyima usingizi. Kile kipande chenu cha maabara bila shaka kilijikaza kiuno na kurefuka sana kabla ya kukatika. Bomba la miaka mingi halina adabu hiyo. Kwenye mipaka ya punje iliyo mkabala na mvuto, kando ya kabidi au uchafu mdogo, vinazaliwa vitobo visivyofika hata maikroni chache. Vinakua kwa sababu nafasi tupu zinavikimbilia. Vinajipanga mstari, vinaungana kuwa ufa wa urefu wa punje moja, nyufa zinaungana, na bomba linapasuka likiwa limevimba kidogo sana. Juni 1985, kwenye kituo cha Mohave huko Nevada, Marekani, bomba la mvuke uliopashwa upya lilifunguka kwenye mshono wake wa urefu, na watu 6 wakafa. Lilikuwa limefanya kazi kwa miaka mingi, na mvuke wake ulikuwa kwenye nyuzi 540 hivi, chini ya wenu.

Kabla ya kwenda kwenye turbini, hesabu moja ya joto, kwa sababu mafundi wengi huogopa shinikizo kuliko nyuzi. Wahandisi Larson na Miller walitoa mwaka 1952 kanuni rahisi: zidisha kelvini kwa jumla ya namba ya kudumu na logi (ya msingi wa 10) ya saa. Kwa mkazo uleule, jibu halibadiliki. Tuweke 20 kama namba ya kudumu. Kwenye nyuzi 600 na saa 100,000, una 873 mara 25, yaani 21,825. Pandisha joto hadi 610: 21,825 kwa 883 ni 24.72, toa 20, logi ya saa ni 4.72, ambayo ni saa 52,000. Kwenye 620 zinabaki 27,500. Nyuzi 10 zimekata nusu ya maisha, 20 zimebakiza robo na ushee. Kwa vyuma vya kundi lenu wengi hutumia namba karibu na 30, na hapo ni kali zaidi: nyuzi 20 zinakubakizia saa 16,000 na kitu. Kwa maoni yangu, mtu anayejadili milimita moja ya unene huku themokapo yake (kipimajoto cha bomba) haijapimwa usahihi tangu ifungwe, anashughulikia tatizo dogo na kuliacha kubwa.

Shinikizo nalo lina kipeo chake. Kwa metali nyingi safi kasi ya mtambao inakwenda na mkazo kwenye kipeo cha karibu 5, hivyo ukizidisha mkazo mara mbili kasi inazidi mara 32. Kwa aloi zenye chembe za kuzuia, kipeo kinaweza kuwa kikubwa kuliko hicho.

Sasa bledi. Chukua ya gramu 300, sentimita 40 kutoka katikati ya shafti inayozunguka mara 10,000 kwa dakika. Inavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa tani 13. Gesi inayoipita inaweza kuzidi nyuzi 1,500, na nikeli safi inayeyuka kwenye 1,455. Haiyeyuki kwa sababu ni tupu ndani: hewa iliyobanwa na kompresa inapita kwenye mifereji yake, inatoka kwenye vitundu na kuifunika kwa utando, na juu kuna mpako wa kauri ya zirkonia unaozuia joto. Hata hivyo metali yenyewe inaweza kufika nyuzi 1,000 na zaidi. Kwa uwiano wetu hiyo ni juu ya 0.7, mahali ambapo chuma chenu hakingebeba chochote cha maana. Wajerumani walijua uchungu wake kwenye injini ya ndege ya Jumo 004. Nikeli ilikuwa adimu kwao wakati wa vita, wakatumia bledi za chuma zilizopozwa kwa hewa, na injini ikadumu makumi machache tu ya saa, mara nyingi chini ya hapo.

Aloi za nikeli za joto kali, ziitwazo aloi kuu, zinapona kwa ujanja ambao kila nikiufikiria naona raha. Zina alumini na titani za kutosha kuzaa, ndani ya nikeli, chembe za umbo la mchemraba zenye mpangilio wa atomu tatu za nikeli kwa moja ya alumini. Kila mchemraba una upande wa kama nusu maikroni, na kwenye bledi za kisasa michemraba hiyo inajaza asilimia 60 hadi 70 ya ujazo wote. Katikati yake vinabaki vichochoro vyembamba vya nikeli. Dislokesheni ikiwa moja haiingii kwenye mchemraba kirahisi, maana ikipita inavuruga mpangilio: alumini inakaa jirani na alumini, na nishati inapanda. Lazima zije mbilimbili, ya pili irekebishe ilichoharibu ya kwanza.

Kuna jambo la ajabu zaidi: chembe hizo zinaongezeka nguvu kadiri joto linavyopanda, hadi nyuzi 700 au 800 hivi. Joto linaisukuma sehemu ya dislokesheni ihamie kwenye bapa jingine la fuwele, na huko inajifunga yenyewe, haiwezi kwenda mbele wala kurudi. Sehemu kubwa ya usafiri wa anga wa leo imesimama juu ya kufuli hilo.

Kuhusu mipaka ya punje, wahandisi walichukua uamuzi mkali: waliiondoa. Pratt & Whitney, watengenezaji wa injini za ndege wa Marekani, walianza kwa kugandisha bledi kutoka chini kwenda juu ili punje zote zisimame sambamba na mvuto, pasiwe na mipaka ya mkabala. Baadaye wakapitisha metali inayoganda kwenye mrija uliojipinda, unaoruhusu punje moja tu itoke juu, na bledi nzima ikawa fuwele moja. Zilianza kuruka kwenye ndege za abiria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Faida ni zaidi ya kukosekana kwa mipaka. Boroni na zirkoni, zilizokuwa zikiongezwa kuishika mipaka hiyo, zinashusha kiwango cha kuyeyuka. Zikitolewa, unaweza kuipasha aloi juu zaidi na kuipanga michemraba upya vizuri. Tena fuwele ikielekezwa kwenye upande wa mchemraba, ugumu wake wa kunyumbuka ni kama gigapaskali (GPa) 130, wakati metali ya punje mchanganyiko ina zaidi ya 200. Bledi laini namna hiyo inapopashwa na kupozwa ghafla inazaa mkazo mdogo.

Diski inayozishika bledi iko kinyume kabisa. Ina joto la chini zaidi, mara nyingi chini ya nyuzi 700, lakini mkazo mkubwa na mizunguko mingi ya kuwasha na kuzima. Adui wake mkubwa ni uchovu wa metali, hivyo inatengenezwa kwa punje ndogo. Familia moja ya aloi, injini moja, na maamuzi mawili yanayopingana.

Bledi hufaje basi? Ni nadra kufa kwa sababu moja. Kila injini inapowashwa, ukingo wa mbele unapata joto kabla ya kiini, unabanwa, unanyumbuka bila kurudi, ikizimwa unavutwa. Huo ni uchovu wa joto. Wakati huohuo oksijeni inakula alumini ya juu kutengeneza ngozi ya oksidi. Chini ya ngozi, alumini ikipungua, michemraba inayeyuka na kuacha tabaka laini lisilo na ulinzi, na ufa unaanzia hapo. Mafuta yenye salfa na hewa yenye chumvi ya bahari vinazaa salfeti ya sodiamu inayoyeyuka na kuivunja ngozi yenyewe. Kisha mtambao unamalizia: bledi inarefuka, ncha inaanza kugusa ukuta wa nje.

Ukikata bledi iliyotumika sana, ukaisugua na kuiweka chini ya hadubini ya elektroni, utaona kitu kizuri. Ile michemraba haipo tena kama michemraba. Imeungana ikawa mabamba marefu yaliyolala mkabala na mvuto. Mtaalamu anasoma mabamba hayo na kukuambia sehemu ipi ilipata joto kuliko ilivyokusudiwa, na ilivutwa kuelekea wapi.

Nirudi kwenye bomba lenu. Saa 100,000 ni namba ya kufanyia hesabu, haijaandikwa kama tarehe ya kuisha dawa. Mabomba mengi yamepita mara mbili ya hapo salama, kwa sababu yalifanya kazi chini ya joto na mkazo wa usanifu. Mengine hayakufika. Mkubwa wako ana haki ya kuwa na hofu, ila kulitoa bila kulipima kunaweza kutupa bomba zima zuri na kuacha weldi mbaya ya jirani ikiendelea kazini.

Anza na kumbukumbu za joto, za saa kwa saa kama zipo. Wastani wa mwezi unaficha vipindi vya 615. Kisha nenda kwenye weldi kabla ya sehemu nyingine yoyote. Pembeni mwa kila weldi kuna ukanda mwembamba ambao wakati wa kuchomelea ulipata joto la kuvuruga chuma bila kukiyeyusha. Punje zake ni ndogo, kabidi zimenenepa, na kwenye vyuma vya kromi 9 ndio unaopasuka mapema. Pima ugumu pia: kiwango kinataka Brinell 190 hadi 250, na ukikuta sehemu ina 160, ilikosewa tangu matibabu ya joto kiwandani au wakati wa kuunga, na hesabu zote za jedwali hazihusiki nayo. Pima kipenyo cha nje, hasa kwenye mikunjo, ulinganishe na vipimo vya awali.

Halafu chukueni nakala za uso. Sugua sehemu ya ukubwa wa dole gumba kwa msasa unaozidi kuwa laini hadi ing'ae, ipake asidi ya kuchora, bandika karatasi ya plastiki iliyolowanishwa kwa asetoni, ibandue ikikauka, uiweke chini ya hadubini. Vitobo vilivyotawanyika vinaruhusu kuendelea na kurudi kupima baadaye. Vilivyojipanga mstari vinadai muda mfupi na mpango wa ukarabati. Nyufa ndogo zikionekana, hapo namwunga mkono mkubwa wako. Lakini uso safi usikufurahishe haraka. Kwenye weldi za chuma chenu vitobo hupenda kuanzia ndani ya unene wa ukuta, ambako karatasi haifiki. Kwa hiyo mwite mtu wa mawimbi ya sauti mwenye uzoefu na weldi za aina hii, na umwonyeshe hasa upande wa nje wa ule ukanda, pale unapokutana na chuma cha bomba ambacho hakikuguswa na joto la kuchomelea.